Isiolo, Mji wa Kazi Mbili

Ukifunga safari kutoka Nairobi kwenda Isiolo, usivue sweta yako mpaka upite Timau. Hapo mashamba ya ngano yanakuaga, barabara inaanza kuteremka na baridi ya Mlima Kenya inabaki nyuma yako. Punde si punde jasho linakutoka, migunga inachukua nafasi ya ngano, na mbele unauona mji ulioenea kwenye tambarare yenye vumbi. Kwa miaka mingi lami iliishia hapa. Siku hizi inaendelea kama kilomita 500 zaidi hadi Moyale, mpakani mwa Ethiopia.

Katika soko la Isiolo, Mborana, Msomali, Mmeru, Mturkana na Msamburu wanapatana bei kwa Kiswahili. Ni mji wa wafugaji, lakini ni mji wa mishahara pia. Kuna kambi za jeshi, shule, hospitali na, tangu mwaka 2013, ofisi za serikali ya kaunti. Hata hivyo, ukikaa siku mbili tatu utagundua kwamba wanaotegemea mshahara peke yake si wengi. Karani ana pikipiki ya bodaboda inayoendeshwa na binamu yake. Muuguzi ana vyumba vya kupangisha. Mwalimu ana mbuzi.

Jambo hili si geni nchini. Mwaka 1971 tume iliyoongozwa na Duncan Ndegwa ilipendekeza watumishi wa serikali waruhusiwe kufanya biashara zao, na serikali ikakubali. Malalamiko hayakukosa, kwani wapo waliogeuza ofisi kuwa duka. Ndiyo sababu sheria ya maadili ya mwaka 2003 iliwataka watumishi wa umma watangaze mali yao na wasiruhusu maslahi yao kugongana na kazi waliyoajiriwa.

Mwenyeji wangu ni mwalimu wa shule ya msingi, rafiki yangu tangu tulipokuwa chuoni. Jioni moja tulipokuwa tukinywa chai uani, nilimwuliza habari za mbuzi wake, ambao zamani alikuwa akinisimulia katika kila barua. Alicheka kidogo, akanyamaza.

Alikuwa nao 40, wakichungwa na kijana mmoja upande wa Kulamawe. Kila mwisho wa mwezi alitenga sehemu ya mshahara akaongeza mbuzi. Mchungaji alilipwa pale fedha zilipobaki, na mara nyingi hazikubaki. Kisha mvua zikakosekana kwa misimu mitano mfululizo, tangu mwisho wa mwaka 2020 hadi mwisho wa 2022. Mwalimu akaanza kununua nyasi kavu kwa mkopo. Mchungaji akachoka, akaenda zake. Ndipo rafiki yangu akawa anatoroka darasani siku za Alhamisi na Ijumaa kwenda kutafuta maji ya mifugo.

"Mbuzi walikufa, na mimi nikapata barua ya onyo," aliniambia. "Lakini kilichoniuma zaidi ni watoto. Nilirudi Jumatatu moja nikakuta wameandika ubaoni wenyewe hesabu za wiki iliyopita, wakingoja nizisahihishe."

Mbuzi waliobaki walikuwa 9.

Ajabu ni kwamba katika nyumba hiyo hiyo kuna biashara nyingine ambayo ukame haukuiua. Mkewe ni karani, naye ana fungu lake katika biashara ya maziwa ya ngamia pamoja na dada yake mkubwa. Biashara hii ni maarufu sana Isiolo, na aghalabu imo mikononi mwa akina mama. Maziwa hutoka maboma ya mbali katika mitungi iliyofukizwa kwa moshi wa kuni ili yasiharibike upesi. Mjini hukaguliwa, hupozwa, kisha husafirishwa kwa basi hadi Eastleigh, Nairobi, ambako wanunuzi wanayangoja.

Ukame ulipozidi, maziwa yalipungua na faida ikapungua. Lakini shemeji hakukosa kazini hata siku moja. Mtaji ni wake, jasho ni la dada yake, na kila mtungi umeandikwa. Dada hupata fungu lake kwanza, ndipo karani ahesabu lake.

"Mwalimu, wewe hukuwa na biashara," shemeji alimtania mumewe akiongeza chai. "Ulikuwa na mbuzi tu."

Mwalimu hakubisha. Aliingia ndani akatoka na daftari la shule lenye jalada la buluu. Sasa ana mchungaji mwingine, na kila mwisho wa mwezi jina la mchungaji huyo ndilo la kwanza kwenye ukurasa, kabla ya dawa na kabla ya chumvi. Yeye mwenyewe huenda kuwaona mbuzi wake Jumamosi peke yake.

Kesho yake niliamka alfajiri kuwahi basi la Nairobi. Dada mtu alikuwa amekwisha kufika kituoni, leso kichwani, akihesabu mitungi ikipakiwa. Alikuwa macho tangu saa tisa za usiku. Nikawaza kwamba kile tunachokiita biashara ya pembeni, kwa mtu mwingine ndiyo kazi yenyewe, ya kutwa kucha.

Msomaji, kama nawe umeajiriwa na unafikiria kuanzisha mradi, wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Nunua daftari hilo. Lakini kabla ya kuandika faida, andika jina la atakayeifanya kazi hiyo wewe ukiwa ofisini, na uandike utamlipa nini. Ukikosa jina la kuandika, basi ujue ni mwajiri wako atakayeibiwa saa, au ni watoto watakaokungoja darasani.