Nililipwa elfu nane, Mathe akalazwa wodi

Leo hakuna video. Nimeamua kuandika kwa sababu nikijirekodi nitaanza kuchekesha watu, na hii stori haichekeshi.

Mnakumbuka ile video ya unga wa kijani mwaka jana? Nilikuwa nimekaa jikoni kwetu Kayole, nimeshika kopo, nikasema, "Sukari kwisha siku 40! Bila vidonge, bila kemikali." Nililipwa shilingi 8,000. Maneno hayakuwa yangu. Mwenye kuuza alinitumia kwa WhatsApp, nikayakariri, nikayatoa kama mtu anayejua anachosema. Ilikuwa pesa yangu ya kwanza kutoka mtandaoni. Siku hiyo nilinunua kuku mzima, tukala kama Krismasi.

Mtu wa kwanza kuniamini alikuwa Mathe.

Mathe ana kisukari cha aina ya pili, ile watu wanaita tu "sukari". Kongosho yake bado inatoa insulini, lakini mwili hauisikii vizuri, kwa hivyo sukari inabaki ikizunguka kwenye damu badala ya kuingia mwilini kufanya kazi. Kwa miaka mitatu alikuwa anameza metformin asubuhi na jioni. Ilikuwa inamsumbua tumbo, na hapendi kuonekana akimeza dawa mbele ya wateja wake wa mitumba. Sasa mtoto wake mwenyewe anatokea kwa simu akisema kuna njia isiyo na vidonge. Ungekuwa wewe ungefanya nini? Aliwaambia wenzake sokoni, "Ni kijana wangu amesema." Akaacha metformin siku hiyo hiyo. Hakuniambia. Mimi pia sikuuliza.

Wiki za kwanza alikuwa na furaha. Alianza kupungua, na majirani wakawa wanamsifu: "Mama, hiyo dawa inafanya kazi! Umekuwa msichana!" Hakuna mtu aliyejiuliza kwa nini anakunywa maji mtungi mzima, kwa nini anaamka usiku mara tano kwenda choo, kwa nini ananipa simu nimsomee meseji. Baadaye ndiyo nilielezwa kwamba mwili ukishindwa kutumia sukari unaanza kujila wenyewe, mafuta na misuli. Kule kupungua tulikokuwa tunasherehekea kulikuwa ugonjwa.

Wiki ya saba alichanganyikiwa akiwa kwa kibanda chake. Alimrudishia mteja noti ya elfu kama chenji ya shati la mia. Wenzake wakaniita. Tulipofika hospitalini nesi akamdunga kidole, akaweka damu kwa mashine, na mashine ikaandika HI. Naapa nilidhani inatusalimia. Nesi akaniambia hapana, hiyo ni kifupi cha neno la Kizungu la "juu": sukari imepita pale mashine inaweza kuhesabu. Nyingi zinafika 33.3 tu. Mtu mzima wa kawaida akiamka, kabla hajala, huwa chini ya 5.6. Kuanzia 7.0 kwenda juu, ikithibitishwa, hicho ni kisukari.

"Mama alikuwa anatumia dawa gani?" nesi akauliza.

Mathe akanionyesha kwa kidole.

Alilazwa siku tano, dripu mkono mmoja, insulini mkono mwingine. Nilimpigia yule muuzaji. Akaniambia, bila aibu, "Mama yako hakuwa na imani na dawa." Imani! Mtu aliyetupa vidonge kwa sababu ya sauti ya mtoto wake, unamwambia hakuwa na imani.

Sasa, najua kuna watu watasema nimelipwa na kampuni za dawa. Tulieni. Sijakuja kutukana mitishamba, na sijakuja kusema chakula hakisaidii. Chakula kinasaidia sana, pengine kuliko mnavyodhani. Kuna utafiti wa Uingereza unaitwa DiRECT, ulioongozwa na Maprofesa Mike Lean na Roy Taylor, matokeo yake ya mwaka wa kwanza yakatoka 2017. Watu 306. Nusu yao waliwekwa kwenye lishe ya kalori kama 825 hadi 853 kwa siku kwa miezi 3 hadi 5, halafu wakarudishwa kwa chakula cha kawaida pole pole. Baada ya mwaka mmoja, karibu nusu ya waliofuata lishe hiyo walikuwa wametoka kwenye kiwango cha kisukari bila dawa yoyote. Hiyo si hadithi ya muuzaji. Ni kweli imetokea.

Lakini soma na masharti. Hao watu walikuwa na kisukari kwa miaka isiyozidi sita. Hakuna aliyekuwa anatumia insulini. Dawa zao zilisimamishwa na madaktari waliokuwa wanajua wanachofanya, na wakaendelea kupimwa. Kilichofanya kazi kilikuwa kupunguza uzito, wengi kilo kumi na kitu. Na hata waliofaulu hawakuambiwa wamepona milele. Uzito ukirudi, sukari inaweza kurudi nayo. Kati ya hayo na kopo la unga la sekunde 50 kuna mto mkubwa, na mimi nilimvusha Mathe bila daraja.

Halafu hii ya "kemikali" iliniuma zaidi nilipoanza kusoma. Metformin, hicho kidonge nilichokitukana, ilianzia kwa mmea. Kuna ua la Ulaya linaitwa Galega officinalis ambalo watu walitumia kama dawa karne nyingi. Lina kitu kinachoshusha sukari, lakini pia kina sumu. Wanakemia wakatengeneza vitu vinavyofanana nacho wakitafuta kilicho salama. Metformin ikatengenezwa mara ya kwanza 1922, na mwaka 1957 daktari Mfaransa, Jean Sterne, akachapisha matokeo ya kuitumia kwa wagonjwa. Kwa hivyo ugomvi si jani dhidi ya kidonge. Kidonge unajua kina miligramu ngapi na kimejaribiwa kwa watu wangapi. Kopo langu lilisema "kijiko kimoja". Cha nini? Cha nini hasa? Hata leo sijui ndani mlikuwa na nini. Na kuna nchi ambako dawa zinazoitwa za mitishamba zimepimwa zikapatikana na glibenclamide ndani, dawa ya hospitali ya kushusha sukari, imefichwa humo bila kuandikwa.

Sasa tunaishi vipi? Kwanza, tulinunua mashine ya kupima. Hii ndiyo mwalimu. Kwa wiki mbili tulipima kabla ya kula na saa mbili baadaye, tukaandika kwa daftari la dukani, lile la madeni. Tulishangaa.

Chapati mbili na chai ya maziwa yenye sukari: 14.2. Ugali wa kawaida, ule mlima wetu wa kila jioni, na sukuma kidogo pembeni: 13.6. Tukabadilisha tukaweka ugali wa wimbi, kwa sababu kila mtu anasema wa brown hauna shida. Mlima ule ule: 12.9. Kumbe rangi haikuwa shida. Shida ilikuwa mlima. Tulipopunguza ugali ukawa wa ngumi moja, managu na terere zikajaza nusu ya sahani, na robo iliyobaki ikawa omena au ndengu: 8.7. Unga ni ule ule wa mama wa posho mill. Hatukuagiza chochote kutoka nje.

Asali tuliacha. Mathe alikuwa anaiweka kwa chai vijiko vitatu, ati ni ya asili. Mashine haikujali kama sukari imetoka kwa nyuki au kwa kiwanda. Juisi ya maembe pia, ile ya kusaga nyumbani, imekuwa ya wageni. Embe lenyewe anakula, kipande. Na baada ya chakula cha jioni tunatembea dakika 20, mimi na yeye, mpaka stage na kurudi. Hapo ndipo tumeongea mambo hatujawahi kuongea.

Mitishamba? Mathe hajaacha yote. Uwatu analoweka usiku, anakunywa asubuhi. Karela anapika kama mboga, na mimi siwezi kuimeza hata ukinilipa. Tofauti ni kwamba alimwambia daktari. Daktari hakumgombeza. Alimwambia hivi vitu vinaweza kushusha sukari kiasi, kwa hivyo ukivichanganya na dawa lazima upime, kwa sababu ikishuka chini ya 4 utaanza kutetemeka, jasho jembamba, hata kuzimia. Mdalasini akamwambia asijazie vijiko, kwa maana ule wa kawaida wa madukani ukizidi unaweza kuumiza ini. Tumbo kusumbuliwa na metformin, akabadilishiwa ile inayoyeyuka pole pole, anakunywa na chakula. Limetulia. Miaka mitatu aliteseka na kitu cha kuuliza swali moja tu.

Na sisi vijana tusijifanye huu ni ugonjwa wa wazee. Mimi mzazi wangu anao, maana yake niko kwenye foleni. Soda ya kola ya nusu lita ina zaidi ya gramu 50 za sukari, karibu vijiko 13 vya chai. Nilikuwa napiga mbili kwa siku nikihariri video. Nilipimwa mwezi uliopita: 5.9. Sijafika, lakini nimeona geti.

Video nimeifuta. Lakini kufuta hakutoshi, na hii ndiyo sababu hasa ya kuandika. Kabla sijaifuta, watu 31 walikuwa wamenitumia ujumbe kuuliza kuhusu ule unga. Nimerudi kwa kila mmoja, nikamwambia ukweli, nikaomba msamaha. Wengine walinitukana, na ni haki yao. Wengine walisema hawakununua. Wawili hawajajibu mpaka leo.

Mmoja wao aliniuliza kama babake anaweza kuacha insulini akianza unga. Nikirudi kusoma jibu langu natetemeka. Niliandika, "Kabisa, amini tu." Nikaweka na emoji ya moto.

Dada, sijui kama bado uko huku. Akaunti yako haina picha na namba ulizonitumia haziingii. Kama unasoma hii, au kama mtu anakujua anasoma, tafadhali: mzee arudi kwa daktari leo, si kesho. Niliongea kitu nisichokijua. Nijibu hata kama ni kunitukana. Nitafurahi sana.

Na wewe mwingine, kama mzazi wako ana sukari, usimtumie video. Muulize anameza nini, na kama kuna kitu ameacha kumeza. Mathe alikuwa tayari kuniambia muda wote huo. Alikuwa anangoja tu niulize.