Siku ya Foleni Tunduma

Chalinze, Jumapili jioni

Mpwa wangu,

Mama yako amenipigia simu na kunieleza kuwa umekabidhiwa gari lako mwenyewe, kichwa na trela lake, na safari ya kwanza ni Lubumbashi. Nimefurahi sana. Miaka minne ya utingo si michache. Kuendesha unajua, na kwa hilo sina wasiwasi. Ninachotaka kukuandikia ni habari ya siku ambayo gari halitembei.

Kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma ni zaidi ya kilomita 900. Mizani utazimaliza, kuanzia Vigwaza hadi Mpemba, halafu utakutana na foleni. Tangu kituo cha mpakani cha pamoja na Nakonde, upande wa Zambia, kilipofunguliwa mwaka 2019 mambo ni mepesi kuliko zamani zetu, lakini kuna safari utalala mpakani siku moja, na nyingine siku tatu. Vijana wengi huihesabu siku hiyo kuwa ya bure. Wanalala mpaka jua kali, wakiamka wanatafuta baa. Usiwafuate, mwanangu. Siku hiyo ndiyo unayoitengenezea safari iliyobaki.

Ukishaswali alfajiri anza na gari, chai baadaye. Toa maji kwenye matangi ya upepo, ya kichwa na ya trela. Kompresa huvuta hewa pamoja na unyevu wake, na wewe umetoka Pwani. Maji yakituama humo yanachukua nafasi ya upepo na kutia kutu vali za breki. Fungua chini ya tangi usikilize: kwanza litatema maji ya rangi ya chai yenye mafutamafuta, kisha litapuliza hewa kavu. Usifunge kabla hujaisikia hiyo hewa kavu. Siku utakayorudi na shaba mgongoni na kuanza kuteremka mlima wa Kitonga, utaihitaji.

Kisha chukua tochi, hata kama kumekucha, uzunguke gurudumu moja moja. Chokonoa mawe yaliyonasa katikati ya matairi mawili mawili ya trela. Inama utazame nati. Iliyokaza ina vumbi tu. Iliyolegea hutoa mchirizi mwembamba wa kutu, mwekundu, unaokimbilia ukingo wa rimu. Mimi niliwahi kuuona mchirizi huo palepale Tunduma, gurudumu la nyuma kushoto. Nikasema nitakaza kesho, nikaenda kulala. Kesho yake foleni ikasogea ghafla, nikaondoka. Gurudumu lilichomoka usiku tukiwa tumeshaipita Mpika. Likavuka barabara na kupita hatua chache mbele ya mzee aliyekuwa akikokota baiskeli. Hakuguswa, alhamdulillahi. Lakini mpaka leo namwona alivyosimama, kashika usukani kwa mikono miwili, ananitazama bila kusema neno. Spana ilikuwa ndani ya boksi muda wote ule.

Mambo ya karatasi hayahitaji maneno mengi. Mpe wakala wa forodha nakala, ubaki na zako. Kadi ya homa ya manjano ikae pamoja na pasipoti, kwa sababu Kongo wataiulizia. Mzigo ukiwa wa turubai, kaza mikanda upya. Ulivyofungwa Dar es Salaam sivyo ulivyo baada ya matuta yote yale.

Sasa chakula. Boksi la ubavuni mwa trela ndilo jiko lako, na barabara yenyewe ndiyo soko. Vitunguu chukua Ruaha Mbuyuni. Nyanya chukua Ilula ukishaupanda mlima wa Kitonga, viazi Makambako, mchele Igurusi. Ukifika Tunduma unatafuta dagaa na mboga za majani tu, na kujaza dumu la maji. Anayekula hotelini mara tatu kwa siku, foleni ikirefuka, anakula posho ya watoto wake. Ila kabla hujawasha mtungi wako wa gesi, tazama jirani kabeba nini. Matangi ya mafuta ni mengi kwenye njia ile. Ukiona tangi, beba jiko lako uende mbali, hata kama utachekwa.

Pika kwa ajili ya watu wanne, si wawili. Mwite dereva wa gari la mbele na utingo wake. Usiku ule wa gurudumu, magari kadhaa yalinipita. Aliyesimama ni Mzambia mmoja niliyekuwa nimekula naye ugali wa dagaa foleni ile ile. Alinipa boliti zake za akiba, akanishikia taa mpaka karibu na alfajiri, na hakutaka fedha.

Utingo wako usimruhusu alale chini ya trela. Wewe umewahi kulala pale, unajua kivuli na upepo wake ulivyo mtamu, lakini foleni husogea usiku na dereva mwenye usingizi hachungulii. Ndani ya kichwa mna nafasi ya wawili. Na baridi ya Mafinga na Makambako, hasa mwezi wa sita na wa saba, isikushawishi kuingiza jiko la mkaa ndani. Sumu ya mkaa haina harufu, mtu hulala nayo asiamke. Nunua blanketi zito.

Jioni oga, fua, kisha mpigie mkeo. Mpigie kila siku ya foleni, kwa sababu mpakani jioni ni ndefu na vishawishi vinakufuata mpaka mlangoni mwa gari. Mweleze umekula nini. Atapenda kujua.

Spana yangu ndefu ya magurudumu nimeisafisha na kuipaka grisi, pamoja na kipande cha bomba cha kurefushia mpini wake. Ni vyako. Gari lako litapita mbele ya nyumba hii, kwa hiyo simama dakika kumi uvichukue, hata kama ni usiku wa manane. Nitakuwa macho.

Mjomba wako