Zamu ya Saa 12 au Zamu ya Saa 3? Mama wa Ikwiriri na Binti Yake Ndani ya Meli ya Kitalii

Mtu akisema kapanda meli ya kitalii, wengi wanawaza bwawa la kuogelea, muziki na picha za jua likizama baharini. Wachache wanajua kwamba hata kabla hujapanda kuna swali moja unatakiwa ulijibu: utakula chakula cha usiku saa ngapi?

Iko hivi wadau. Meli hizi zinabeba watu elfu mbili, elfu tatu, na kuna zinazopitisha hata elfu tano. Ukumbi mkuu wa chakula hauwezi kuwakalisha wote kwa mpigo mmoja. Kwa hiyo kampuni nyingi zinagawa abiria zamu mbili. Zamu ya kwanza inaanza kwenye saa 11:30 mpaka saa 12:30 jioni, ya pili inaanza kwenye saa 2 mpaka saa 3 usiku. Ukishachagua ndiyo imetoka hiyo: meza ileile, majirani walewale, mhudumu yuleyule mpaka safari inaisha. Zamu ya kwanza wakiwa wanakula, wenzao wako ukumbi wa maonyesho, halafu wanabadilishana. Kuna walioachana na mtindo huo, mfano Norwegian Cruise Line ambao tangu mwaka 2000 wanamwacha abiria ale muda anaotaka. Lakini kwenye meli nyingi zamu mbili bado zipo.

Sasa kuna mdada mmoja, mzaliwa wa Ikwiriri kule Rufiji, ana miaka 27 na anafanya kazi mapokezi hotelini Dubai. Alijinyima miaka miwili, akamtumia bi mkubwa tiketi ya ndege, akalipia safari ya siku saba ya meli inayoanzia hapo hapo Dubai. Mama yake maisha yake yote chombo cha majini alichokijua ni mtumbwi wa Mto Rufiji na kile kivuko cha Ndundu cha zamani, kabla ya Daraja la Mkapa.

Kwenye fomu ya kulipia, mdada hakufikiria mara mbili. Akabonyeza zamu ya pili, saa 3 usiku. Sababu zake zinaeleweka. Zamu ya kwanza ina sifa ya kuwa ya wazee na wenye watoto wadogo. Zamu ya pili watu wanavaa, taa zinapendeza, hakuna wa kukuharakisha, na jioni unapata muda wa kupiga picha jua likizama bila kukimbilia mezani. Alishamshonea mama magauni mawili ya vitenge kwa ajili ya picha hizo. Kumuuliza mama anataka kula saa ngapi hakukumjia kichwani kabisa.

Usiku wa kwanza, mambo yakaharibika.

Saa 12 jioni mama aliswali Magharibi, akakaa kitandani, akauliza, "Tunakula wapi?" Akaambiwa bado. Saa 1, bado. Saa 2, bado. Saa 3 walipokaa mezani, wakiwa na wanandoa wawili wa Kihindi na dada mmoja wa Kifilipino na mumewe, mama hakugusa sahani. Kila dakika anageuka kuangalia dirishani, na nje kulikuwa na giza tupu la bahari. Mhudumu akaja kuuliza kwa adabu kama chakula kina tatizo. Mama akachukua mikate miwili, akaifunga kwenye kitambaa cha meza, akaitia kwenye pochi. Meza nzima ikaona.

Mdada aliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Kufika chumbani akafunguka: "Mama, unaniabisha. Hapa siyo Ikwiriri." Mama akajibu, "Najua siyo Ikwiriri, mwanangu," akavua viatu, akageukia ukutani.

Asubuhi mdada akaenda kuomba wahamishiwe zamu ya kwanza. Akaambiwa imejaa, aandike jina kwenye orodha ya kusubiri. Siku ya pili wakala kwenye bafe ya juu saa 12 na nusu, kimya kimya. Bafe haina zamu, unakwenda muda wako. Mama alikula vizuri tu, wali na samaki, akarudia mara mbili. Hapo mdada ndiyo akazidi kukasirika. Kumbe tatizo siyo chakula cha kizungu! Kumbe ni saa tu! Sasa saa ina nini?

Kwa ambao hawaijui Ikwiriri ya wakati ule, hapa panahitaji maelezo kidogo. Kati ya mwaka 2002 na Aprili 2004, simba mmoja alikuwa anawinda watu kwenye vijiji vya Rufiji. Watu wapatao 35 waliuawa. Wanakijiji walimbatiza jina la Osama. Alipopigwa risasi na kuangaliwa kinywani, alikutwa na jino la nyuma lililopasuka na jipu kubwa chini yake. Na hakuwa peke yake nchini. Watafiti waliochapisha takwimu zao mwaka 2005 walihesabu zaidi ya watu 560 waliouawa na simba Tanzania tangu mwaka 1990.

Rufiji watu wanalima mpunga na mahindi bondeni, na adui wa shamba ni nguruwe pori. Nguruwe anakuja usiku, kwa hiyo mkulima analala shambani juu ya dungu, kibanda cha miti kilichoinuliwa kwa nguzo. Simba anamfuata nguruwe. Akimkosa nguruwe, kuna mtu pale juu, na dungu la nyasi halina mlango wa maana.

Miaka ile, vijiji vingi vya upande huo chakula cha usiku kililiwa saa 11 jioni. Watoto wanaoga mapema, sufuria zinaoshwa mapema, hata haja ndogo watu wanamalizia kabla ya jua kuzama, maana choo kiko nje. Mdada alikuwa na miaka mitano. Anachokumbuka yeye ni raha: kula kukiwa bado na mwanga, halafu wote kulala chumba kimoja na hadithi juu. Alijua pia kwamba mjomba wake mdogo aliuawa na simba. Hilo kila mtu nyumbani analijua. Halizungumzwi.

Usiku wa tatu, chumbani, mama akalizungumza.

Siku ile kuni zilikuwa mbichi. Mdogo wake alipita nyumbani jioni kula kabla ya kwenda shambani, akakuta ugali haujaiva. Akasubiri kidogo, akaona jua linashuka, akasema ngoja awahi akiwa bado anaona njia, chakula atakula asubuhi. Mama akamwambia subiri, inaiva sasa hivi. Akacheka, akaondoka na muhogo mbichi mkononi. Asubuhi walikuta dungu limelala upande.

"Angekula, angechelewa," mama alisema. "Giza lingemkuta kwangu, angelala kwangu."

Miaka zaidi ya 20 mwanamke huyu hajawahi kuchelewesha chakula cha usiku. Mwaka 2017, kipindi cha mauaji ya Kibiti, Rufiji na Mkuranga, bodaboda zilipopigwa marufuku kutembea kuanzia saa 12 jioni, majirani walilalamika kwamba maisha yamebana. Yeye hakuona tofauti. Nyumba yake ilikuwa imeshakula na mlango una komeo. Mdada hakuwepo, alishahamia kwa ndugu Mbagala kutafuta maisha, na kila mama alipopiga simu jioni swali la kwanza lilikuwa "Mmeshakula?" Mdada alidhani ni salamu.

Na ile mikate kwenye pochi? Ilikuwa ya mdada. Mama alimwona kapiga picha muda wote na hajala vizuri.

Mdada hakuwa na la kusema. Alishuka kitandani kwake, akaenda kulala kwa mama yake, wakabanana hivyo hivyo mpaka asubuhi.

Siku ya nne simu ya chumbani ikalia: nafasi imepatikana zamu ya kwanza. Hapo bi mkubwa akaleta mpya. Akauliza, "Na wale Wahindi wa meza yetu tunawaaga lini?" Mwisho wakakubaliana hivi: saa 12 na nusu wanakula bafe, mama anashiba na roho yake inatulia. Saa 3 wanashuka ukumbini na gauni la kitenge, mdada anakula tena kidogo, mama anaagiza chai na kukaa na wenzake. Kiingereza hajui, lakini siku ya sita yule dada wa Kifilipino alikuwa anamwita "Mama". Dirishani bado alikuwa anaangalia. Ila mikate hakubeba tena.

Sasa kwa wanaopanga safari kama hiyo, iwe ya meli au hata mwaliko wa chakula cha hotelini, yapo machache ya kuzingatia. Zamu inachaguliwa wakati wa kulipia, na ikijaa imejaa, kwa hiyo uliza mapema. Ukikosea, nenda siku ileile ya kupanda ukaongee na msimamizi wa ukumbi, usingoje usiku wa kwanza upite. Kama unaswali, angalia jua la huko linazama saa ngapi: Dubai siku nyingi za mwezi Januari linazama kabla ya saa 12 jioni, kwa hiyo Magharibi unaweza kuiwahi kabla ya kukaa mezani. Na bafe ipo, umeshailipia.

Lakini kabla ya yote hayo, ukimchukua mzazi, muulize yeye kwanza anakula saa ngapi. Halafu muulize kwa nini. Mdada huyu amejua habari ya mjomba wake akiwa na miaka 27, katikati ya bahari, kwa sababu ya fomu ya chakula.

Picha za zile gauni za vitenge hakuziposti hata moja. Aliyoposti ni ya kikombe cha chai na mkono wa mama yake, bila maneno, na waliomuuliza inahusu nini hakuwajibu.

Haya wadau, nyumbani kwenu chakula cha usiku kinaliwa saa ngapi, na mmeshawahi kuuliza kwa nini? Komenti ziko wazi hapo chini.