Sophiatown, mtaa alikovuma Makeba

Ukibahatika kufika Johannesburg, msomaji, usiishie kwenye maduka makubwa ya Sandton. Panda teksi, maana ndivyo wenyeji wanavyoziita matatu zao, uelekee magharibi mwa jiji hadi Sophiatown. Nikuonye mapema, usitarajie makubwa. Utakuta nyumba za matofali, nyasi zilizokatwa vizuri na mbwa wakibweka nyuma ya malango. Mtaa wenyewe haupo.

Mimi nilifuata nyayo za hayati Miriam Makeba, aliyefariki Italia mwaka 2008, muda mfupi baada ya kushuka jukwaani. Nyumbani mama alikuwa na kaseti yake iliyochakaa hata maandishi yakafutika, nasi watoto tulimjua kwa Malaika, wimbo ambao Fadhili William wetu aliurekodi kabla yake. Makeba na Harry Belafonte waliutia kwenye sahani ya 1965 iliyowapa tuzo ya Grammy. Wengi humjua hapo tu. Kumbe mama huyu alianza kama mwimbaji wa jazi, akapikwa akaiva Johannesburg miaka ya 1950, alipoimba na kundi la Manhattan Brothers.

Kitovu cha jazi hiyo kilikuwa Sophiatown. Mwenye ardhi, Hermann Tobiansky, aliupa mtaa jina la mkewe Sophia, na barabara kadhaa akazipa majina ya watoto wake. Waafrika waliweza kumiliki viwanja hapo, jambo lililokuwa nadra. Walimu, waandishi, wanamuziki na majambazi waliishi mlango kwa mlango, na akina mama pima hawakukosa wateja. Mamake Makeba mwenyewe aliwahi kufungwa kwa kupika pombe, akaingia jela na kitoto cha siku 18. Kitoto hicho ndicho Miriam.

Tarehe 9 Februari 1955 walikuja polisi wapatao 2,000 wenye silaha. Familia zilipakiwa kwenye malori pamoja na vyombo vyao, zikapelekwa Meadowlands, Soweto. Nyumba zikabomolewa, Wazungu wakajengewa zao, na mtaa ukabatizwa Triomf, yaani Ushindi. Ushindi juu ya nani? Jina la Sophiatown lilirudishwa 2006.

Yaliyonusurika utayaona kwa saa moja. Kuna kanisa la Christ the King, na katika barabara ya Toby kuna nyumba ya Dkt. A. B. Xuma, aliyewahi kuwa rais wa chama cha ANC. Nyumba hiyo imefanywa kituo cha kumbukumbu. Mkiwa na watoto, anzieni hapo.

Ila kabla ya kufunga safari, itafuteni filamu ya 1959 iitwayo Come Back, Africa. Mmarekani Lionel Rogosin aliipiga kwa siri wakati Sophiatown ikiendelea kubomolewa. Humo, ndani ya kijumba cha pombe, anaingia binti mtanashati na kuwaimbia wanaume waliokuwa wakibishana. Ndiye Makeba. Filamu hiyo ilimfikisha Ulaya mwaka huohuo. Mwaka 1960 mamake alipofariki, Makeba alitaka kurudi kumzika, akakuta pasipoti yake imefutwa. Hakukanyaga tena Afrika Kusini hadi 1990, na mtaa huu ulikuwa bado unaitwa Triomf.