Gari la Alameda na Penseli ya Mwanafunzi Wetu



Wazazi na wanafunzi, leo tunazungumzia picha ya gari. Inaitwa Alameda Gran Torino. Aliichora Mmarekani Robert Bechtle (1932–2020) mwaka 1974, na iko katika jumba la makumbusho ya sanaa ya kisasa la San Francisco. Ni gari la familia, la kijani, ubavuni lina pambo la mfano wa mbao, limeegeshwa mbele ya gereji ya nyumba ya kawaida. Basi. Hakuna mtu, wala gari lenyewe si la fahari.

Anayeiona mara ya kwanza husema ni ya kamera. Siyo. Ni rangi ya mafuta juu ya turubai. Bechtle alikuwa akipiga picha kwanza, akaimulika kwenye turubai, akafuata mistari yake, kisha akapaka rangi kwa subira kubwa. Wachoraji wa namna hii walianza kujulikana Marekani mwishoni mwa miaka ya 1960.

Limetufikaje hapa Logiri? Tunaye mwanafunzi mwenye mkono wa kuchora. Alichora baiskeli ya baba yake imeegemea mwembe, hata pingili za mnyororo zinahesabika. Baba akaichana karatasi, akasema picha ni haramu. Kijana akanyamaza wiki nzima, hata darasani hasomi kwa sauti. Tulimwonyesha lile gari kwenye simu, naye akauliza: "Ustadh, kamera mnairuhusu. Je, mtu akiirudia kwa mkono?"

Swali zito hilo! Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa Mufti wa Misri, aliona kamera inazuia tu kivuli cha kitu alichokwisha kukiumba Allah. Wengine hawakukubali, na khitilafu ipo hadi leo, ingawa anayekwenda Hijja hapati pasipoti bila picha. Sasa huyu anakizuia kivuli, kisha anakiunda upya kwa brashi. Tumweke upande gani?

Sisi tumeshika njia ya Ibn Abbas (r.a.). Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba alijiwa na mtu ambaye riziki yake ni kuchora. Akamsomea onyo la Mtume (s.a.w.) juu ya watengeneza sura, mpaka uso wa yule mtu ukabadilika rangi. Lakini hakumwacha palepale; akamwelekeza kwenye miti na vitu visivyo na roho. Hapo ndipo tunapopapenda: onyo limebaki onyo, na mtu kabakiwa na kazi.

Gari halina roho. Baiskeli haina roho. Kazi nyingine ya Bechtle, '61 Pontiac (1968–69), iliyoko Whitney huko New York, amejichora mwenyewe na mkewe na watoto wawili mbele ya gari lao. Hiyo hatukumpendekezea kijana, ingawa wako wanavyuoni wenye nafasi zaidi katika jambo hili.

Baba yake tumezungumza naye, kwa adabu, maana nia yake ilikuwa njema. Wenye watoto wa mkono kama huo wawalete Jumamosi baada ya Adhuhuri. Penseli tunazo, karatasi waje nazo.

Wallahu a'lam.