Mizani ya Upanga na Akili: Haki ya Wahusika katika Mchezo wa Mezani

Katika fasihi simulizi, fanani husimulia nayo hadhira husikiliza na kuitikia. Upo mchezo wa Kimarekani ambao umeufifiza mpaka huo. Katika Dungeons & Dragons, mchezo uliobuniwa na Gary Gygax na Dave Arneson na kuchapishwa mwaka 1974, watu wachache huketi kuizunguka meza. Mmoja wao huusimulia ulimwengu wa kubuni wenye mazimwi na mahandaki, na kila mmoja wa waliosalia humwigiza mhusika wake na kuamua atakalotenda. Dadu ndizo huamua iwapo tendo litafaulu. Kwa kuwa hadithi haina mtunzi mmoja, linazuka swali ambalo aghalabu halimsumbui mwandishi wa riwaya: je, kila mhusika ana nafasi ya kuathiri mkondo wa hadithi?

Mhusika mdogo katika riwaya halalamiki. Hufungua mlango, akapotea, na msomaji humsahau. Mezani, kinyume chake, nyuma ya kila mhusika yupo binadamu aliyeacha shughuli zake ili aje kucheza. Akikaa jioni nzima akiwatazama wenzake wakitatua kila tatizo, amegeuzwa kuwa hadhira bila ridhaa yake. Kwa hiyo suala la mizani ya wahusika ni suala la haki kabla ya kuwa suala la hesabu.

Kila mhusika hupimwa kwa sifa sita: nguvu, wepesi, ustahimilivu, akili, busara na haiba. Kwa utaratibu wa awali, dadu tatu zilirushwa kwa kila sifa, hivyo alama zikawa kati ya 3 na 18. Sifa tatu ni za mwili na tatu ni za nafsi. Mwanafunzi wa Kiswahili hatashangaa kuona akili ikitenganishwa na busara. Wahenga walikwisha kutuonya kwamba akili nyingi huondoa maarifa. Msomi anayejua lugha kumi za kale anaweza kuingia mtegoni ambao mzee asiyejua kusoma angeuhisi kutoka mbali.

Juu ya sifa hizo huja taaluma. Mwanzoni zilikuwa tatu: mpiganaji, kasisi na mwanasihiri, mwizi akaongezwa mwaka 1975. Watunzi walitafuta mizani kwa kutumia wakati. Katika kanuni za mwaka 1978, mpiganaji alirusha dadu ya pande 10 kupata alama zake za uhai, ilhali mwanasihiri alirusha ya pande 4, tena alianza na sihiri moja tu kwa siku. Mpiganaji alihitaji takriban alama 2,000 za tajriba ili apande ngazi ya pili, mwanasihiri 2,500, na mwizi 1,250. Hata hivyo, ukali wa tufe la moto la mwanasihiri uliongezeka kila alipopanda ngazi, naye mpiganaji akabaki na upanga wake. Mizani ya namna hii ina kasoro bayana. Anayeonewa leo huahidiwa kwamba kesho atawaonea wenzake, na mara nyingi kundi husambaratika kabla kesho hiyo haijafika.

Jaribio gumu zaidi lilikuwa nguvu za akili: kusoma mawazo, kusogeza vitu bila kuvigusa, kupambana nafsi kwa nafsi. Nguvu hizi ziliingizwa katika kijitabu cha nyongeza cha mwaka 1976. Kwa kanuni za 1978, mhusika mwenye alama 16 au zaidi katika akili, busara au haiba aliweza kurusha dadu ya asilimia. Uwezekano wa msingi ulikuwa 1 kwa 100, ukiongezeka kidogo kulingana na wingi wa alama hizo. Aliyebahatika alipewa kipaji juu ya taaluma yake, bila kuacha chochote. Aliyekwisha kubarikiwa na dadu akabarikiwa tena.

Wapo watakaojibu kwamba kipaji hicho kilikuwa na bei, kwani matumizi yake yaliweza kuwavuta viumbe wanaowinda akili. Hoja hii ina uzito, lakini haitoshi. Kiumbe kikija, humjia kila aliye pangoni. Faida ikawa ya mmoja, hatari ikawa ya wote.

Marekebisho yaliyofuata yanafunza mengi. Mwaka 1991 nguvu za akili zilifanywa taaluma kamili, na mwaka huohuo ukatokea ulimwengu wa jangwa uitwao Dark Sun, ambamo kila mhusika alikuwa na chembe ya kipaji hicho. Kilichomilikiwa na wote hakikuwa tena upendeleo. Kitabu cha mwaka 2001 kiliteleza upande wa pili. Kiliyagawa matawi ya taaluma hiyo baina ya sifa zote sita, hata mwenye nguvu za akili akahitaji misuli ili aumudu mojawapo ya matawi yake. Mhusika akatapanya alama zake, akawa dhaifu kila mahali. Mwaka 2004 taaluma hiyo ikarejeshwa kwenye sifa ya akili pekee. Mwaka 2020 nguvu hizo zikatolewa kama njia ndani ya taaluma zilizopo: anayezichagua huacha njia nyingine.

Hapa ndipo penye somo. Mizani haipatikani kwa kuwafananisha wahusika. Mchezo ambamo kila mtu anaweza kila kitu hauna haja ya kundi. Hupatikana pale ambapo kila uwezo una bei, na kila mmoja ana mlango ambao yeye ndiye anayeweza kuufungua. Watunzi wa tendi zetu walilielewa jambo hili: Liyongo asiyeshindwa na majeshi aliangamizwa kwa sindano ya shaba kitovuni. Tofauti ni kwamba Liyongo alitungiwa udhaifu wake. Mezani, mchezaji huuchagua mwenyewe, akijua kwamba atamhitaji jirani yake ili auvuke.