Bakuli Dogo la Korosho

Juma hili tunapenda kuwashirikisha jambo lililotupata angani, ambalo tumelibeba moyoni kwa muda mrefu na ambalo halitupi sifa.

Tulikuwa tukimsindikiza kwenda India kwa matibabu mzee mmoja wa hapa Lukuledi, mkulima wa mikorosho mwenye maradhi ya moyo. Baada ya siku nzima ndani ya basi kutoka Masasi hadi Dar es Salaam, miguu yake ilikuwa imevimba. Uwanjani tuliambiwa kwamba nyuma ya ndege kumejaa, hivyo msafiri mmoja atahamishiwa daraja la biashara bila malipo. Mhudumu aliitazama kola yetu, akatukabidhi sisi ile kadi. Mzee akasema, "Nenda, Baba. Wewe ndiwe mkubwa wetu." Nasi tukaenda, bila kubisha hata mara moja.

Kiti cha daraja lile ni kitanda. Ukibonyeza kitufe, mgongo hulala na miguu huinuka hadi mwili unyooke. Tulipewa taulo ya moto ya kunawia na blanketi zito, kisha kitambaa cheupe kikatandikwa mezani. Kabla ya chakula likaletwa bakuli dogo la korosho zilizopashwa moto.

Tulipotafuna ya kwanza, tulisita. Sisi wa Masasi na Newala tunajua korosho inakotoka: kupalilia, kupuliza salfa, kuokota, kuitenga na bibo, kuanika, kupeleka ghalani, kungojea mnada. Sehemu kubwa ya korosho za nchi yetu huuzwa zikiwa na maganda yake, zikabanguliwe India na Vietnam. Viwanda vya kubangua vilijengwa huku kwetu katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, lakini vingi vilisimama. Na mama zetu wanaobangua majumbani huunguzwa vidole na mafuta ya ganda. Hatukuwa na njia ya kujua kama korosho zile zilitoka kwetu. Tulichojua ni kwamba mwenye mikorosho alikuwa nyuma ya pazia, magoti yakigusa kiti cha mbele.

Pamoja na hayo, tuliendelea kula. Sahani za kaure zililetwa moja baada ya nyingine, lakini ladha ilikuwa hafifu. Baadaye tulijifunza sababu yake. Chakula cha ndege, hata cha daraja la juu, hupikwa chini saa nyingi kabla, hupoozwa, kisha hupashwa moto angani. Hewa ya ndani ni kavu, unyevu wake mara nyingi haufiki asilimia 20, na mngurumo wa injini haukomi. Hayo hupunguza ladha ya chumvi na sukari kinywani. Kumbe anayelipa nauli ile kubwa halipii utamu wa chakula. Hulipia hasa nafasi ya kunyoosha miguu, na miguu yetu sisi ilikuwa mizima.

Hapo ndipo tulipoinuka. Mhudumu, dada mpole, aliridhia tubadilishane viti. Mzee alikataa mara mbili, akakubali ya tatu. Tulipokwenda kumwangalia usiku wa manane, alikuwa amelala chali, miguu imeinuliwa, na bakuli jingine tupu kando yake. "Baba," alinong'ona, "hawa hawajui kukaanga. Zingekaa motoni kidogo tena."

Tulicheka, lakini dhamiri haikucheka. Tulimpa kiti baada ya sisi kushiba. Saa zile za kwanza, ambazo miguu yake iliendelea kuvimba huku sisi tukikunjua kitambaa cheupe, hatuwezi kuzirudisha. Wala hakuna aliyetulazimisha: tulipewa heshima, nasi tukaipokea kama haki yetu.

Wengi wetu hatutapanda daraja la biashara. Lakini hata hapa kijijini kiti cha mbele cha gari kipo, kiti chenye mikono arusini kipo, na paja la kuku lililowekwa kwa ajili ya mgeni lipo. Juma hili, tutakapokaribishwa mahali pazuri, tugeuke kwanza tutazame ni nani miguu yake imevimba.